Visheti Vilivyovaa Kanzu

Palma, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, hapakuwa na mtu aliyekwenda msikitini siku ya Ijumaa na kanzu iliyolegea, ila awe mgeni au awe amegombana na Chaquir Bacar. Chaquir alikuwa dobi. Mainato, kama Wareno walivyowaita madobi wao. Kazi aliianza akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akipiga pasi mashati ya bwana mmoja wa serikali ya Kireno ambaye hakuvumilia mkunjo hata kwenye leso ya kupengea mafua. Mwaka wa uhuru bwana yule akaenda zake kwao. Chaquir akabaki na pasi ya mkaa, Kireno cha kutosha kubishana, na ujuzi wa wanga uliomfanya ajione kuwa si dobi tu bali fundi.

Wanga wake ulikuwa wa muhogo. Aliukuna mwenyewe, akaukamua majini, akaacha maji yatulie, akamwaga ya juu na kubakiza unga mweupe uliolala chini ya beseni. Ukipikwa ulikuwa uji mzito, mwangavu, usio na harufu. Nguo ikichovywa humo, ikaanikwa, ikapigwa pasi, ilikaa wima kama askari anayesubiri bendera ipandishwe.

Mwaka 2012 habari za gesi iliyogunduliwa chini ya bahari zilikuwa zimekwisha kuwa habari za kila baraza, na pensão mbili, nyumba za kulala za mji, zikajaa wageni. Nguo zao zikaja kwa Chaquir. Naye hakubagua: alichowafanyia masharifu ndicho alichowafanyia wahandisi. Ovaroli mbili za rangi ya chungwa zikarudi pensão zimetiwa wanga mpaka miguuni, zikasimamishwa mlangoni mwa chumba cha mwenyewe, na mama wa kufagia akapita akazisalimu, akangoja zijibu. Mwenye ovaroli alipokaa kwenye boti, suruali ikalia kama bati lililokanyagwa. Wenzake wakacheka mpaka dereva akazima mashine kuuliza kuna nini.

Wakamtumia Chaquir ujumbe kwamba ovaroli zisitiwe wanga tena.

"Basi wavae magunia," alisema Chaquir, na kwa siku mbili hakuwa na raha.

Ni katika siku hizo mbili za kununa ndipo alipopika wanga mwingi kuliko nguo. Uliobaki akaumwaga juu ya kioo cha dirisha lililovunjika, alichokuwa akikitumia kuanikia kola, akaenda kulala mchana. Aliporudi baada ya sala ya alasiri, jua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake. Juu ya kioo palikuwa na kioo kingine, chembamba. Akakigusa pembeni kwa ukucha, kikabanduka. Akakiinua mbele ya uso wake, akamwona mkewe upande wa pili anakuja na sinia.

Mkewe, Bi Zuleica, alikuwa mpishi wa visheti. Visheti vyake vilikuwa vya iliki, vimeviringishwa kwenye sukari iliyopikwa hadi ikaganda kama umande mweupe, na wageni wa gesi walivipenda kuliko walivyopenda mkate wa pensão.

"Umeshika nini, Baba Dalila?"

"Wanga."

"Mbona naona pua yako?"

Chaquir alivunja pembe ya ule utando, akaitia mdomoni. Ikakaa juu ya ulimi, ikalainika, ikapotea, bila ladha yoyote.

"Umekula kanzu za watu," alisema Bi Zuleica, akaweka sinia chini kwa nguvu.

Hasira ile haikuwa ya utando. Siku hiyo alikuwa amerudishwa kwenye lango la kambi ya kampuni ya gesi, alikokuwa akiuza. Kambini alikuwa amefika msichana mmoja kutoka Maputo, Márcia, ofisa wa mazingira. Huko visiwani alikuwa ameona kasa aliyekufa na mfuko wa plastiki tumboni, naye akaapa kwamba kwenye lango lake hautapita mfuko tena. Mlinzi akawa anamwaga vitafunio vya akina mama kwenye sinia na kuwarudishia mifuko yao. Bi Zuleica akajaribu kufunga kwa gazeti. Sukari ikanata, gazeti likanata, na mhandisi mmoja akaleta kisheti chake malalamikoni, kimechapwa matokeo ya mpira, yanasomeka kinyumenyume.

Bi Zuleica akamtazama mumewe, akautazama ule utando, akamtazama tena mumewe.

"Wewe umewavisha watu miaka arobaini," alisema. "Haya, nivishie visheti vyangu."

Maneno yale yalimwingia Chaquir kuliko kusifiwa. Kesho yake akaanza.

Kuanza kulikuwa rahisi. Utando wa wanga mtupu ulipendeza machoni, lakini ukiukunja unavunjika, na kisheti kilichofungwa ndani yake kilionekana kimeangukiwa na dirisha. Akaongeza maji ya sukari. Ukakunjika vizuri, na sisimizi wa mtaa mzima wakahamia kwake. Akajaribu kuuchanganya na mwani uliochemshwa, maana aliwahi kusikia kwamba mwani huganda kama jeli. Uliganda kweli. Ulikuwa imara, huwezi kuuchana kwa mikono miwili, lakini ulinuka pwani maji yakiwa yametoka, na Bi Zuleica akasema visheti vyake havikuwahi kuvuliwa baharini wala hataki vianze kudhaniwa hivyo.

Aliyemfungua macho ni Domingas, mwenye duka la dawa, mtu wa Mueda, mwenye sauti ya kuamrisha na makoti meupe matatu ambayo Chaquir aliyanyoosha kila Jumatatu. Alikuja kuchukua koti, akaona vipande vya utando vilivyovunjika vimejaa kwenye ungo.

"Hivi ni nini, mzee?"

"Kanzu za visheti. Zinapasuka."

Domingas alichukua kipande, akakivunja, akakisikiliza kinavyovunjika. "Wanga wako umekauka kama visigino vya kiangazi. Visigino vikikauka tunapaka nini?"

"Glicerina."

"Glicerina. Inashika maji, haiyaachi yatoke. Ila usije ukanunua ile ya kupaka. Ipo ya kunywa, ile wanayotia kwenye dawa ya kikohozi. Nitakuagizia Pemba."

Chaquir alimshukuru, akamwomba jambo moja: asimwambie mtu. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake. Alikuwa ametangaza mtaani kwamba wanga peke yake utaiweza kazi, na alitaka sifa zote ziende kwa muhogo na kwa mwenye muhogo. Kwa hiyo chupa za glicerina alizinunua kimyakimya, akazificha nyuma ya gunia la mkaa. Akipika alifunga mlango.

Dawa ilikubali. Kijiko kimoja kwenye sufuria, na utando ukawa laini, unakunjika kama khanga, unafuata umbo la kisheti bila kulalamika. Ukinata kwenye sukari, vizuri zaidi, maana vyote viwili vinakwenda kinywani. Bi Zuleica alivisifu vile vipande bila kujua siri yake.

Lakini Palma mtu hanunui chupa sita za glicerina kwa mwezi mmoja halafu asitazamwe. Sokoni ikasemwa kwamba mzee Chaquir anajipaka. Aliyesema hivyo akaongeza kwamba mwanamume wa miaka hamsini na minane hajipaki bure. Habari ilipofika kwenye meza ya samaki ilikuwa imekwisha kupata jina la kijiji: binti mwenyewe yuko Nhica do Rovuma, na posa imepelekwa.

Bi Zuleica alipoisikia alirudi nyumbani, akasubiri mumewe ale, akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza. Miaka arobaini ya sabuni na mkaa iliufanya mkono ule kuwa kama gome la mkorosho. Sasa ulikuwa laini kama wa bwana harusi.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Nani yupi?"

"Wa Nhica."

Chaquir kwa Nhica alimjua muuza mpunga mmoja tu, mwenye ndevu. Bi Zuleica akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pasi, akalisogeza gunia, akatoka na chupa mbili kila mkono. Alizipanga mbele ya mumewe kama hakimu anayepanga ushahidi.

Chaquir alijua kuna njia mbili: apoteze sifa au apoteze mke. Akamweleza yote, visigino, Pemba na dawa ya kikohozi, huku akiangalia mkeka. Alipomaliza, Bi Zuleica akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Yaani ulikuwa unapika kwa siri ili mimi nisijue kwamba hukujua," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimekwisha kumwandikia Dalila kwa simu kwamba baba yake anaoa."

Dalila, binti yao aliyeolewa Mocímboa, alifika kesho yake kwa gari la kwanza, na ndugu wawili wa mama yake wa kumsaidia kugomba. Walipewa visheti vyenye kanzu wakarudi zao.

Mwezi wa tisa kampuni ilifungua jengo jipya la ofisi kambini, na wageni wakaja kutoka Pemba na Maputo. Márcia alikuwa ameonja kanzu za visheti langoni, akauliza mara tatu kama ni kweli hakuna plastiki ndani, kisha akaagiza visheti mia tatu. Chaquir na mkewe walifanya kazi siku nne. Vioo havikutosha, Chaquir akaazima vya madirisha ya majirani, na wiki hiyo upepo uliingia nyumba nyingi.

Siku yenyewe Chaquir alisimama kando ya meza amevaa kanzu aliyoitia wanga mara mbili, hawezi kuinama. Mgeni wa kwanza kufika mezani alikuwa mheshimiwa mmoja mnene mwenye tai. Alichukua kisheti, akaona kimefungwa, akaanza kukimenya taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayebandua stempu. Alipomaliza akageuka kutafuta pa kutupia. Márcia alikuwa ameweka mapipa matatu ya rangi tatu, na maandishi marefu juu ya kila moja. Mheshimiwa aliyasoma yote, utando ukimning'inia mkononi, na watu wakaanza kupanga foleni nyuma yake.

Chaquir akashindwa kuvumilia. "Kula tu, mheshimiwa," alisema kwa Kireno chake cha zamani, kile cha kupigia pasi. "Ni muhogo."

"Niile karatasi?"

"Si karatasi. Ni wanga."

"Wa nguo?"

"Wa nguo, mheshimiwa. Lakini haujavaliwa."

Mheshimiwa alimtazama Márcia. Márcia akatikisa kichwa kukubali, huku amefumba macho kidogo. Utando ukaingia mdomoni. Watu wote wakaangalia koo la mheshimiwa. Koo likapanda, likashuka, na yeye akasema, "Muito bem," yaani vizuri sana, akachukua visheti vingine vitatu, hivi akavila na nguo zao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kila aliyekuja aliambiwa na aliyetangulia: usitupe, kula. Mgeni mmoja, mhasibu mpole kutoka Maputo, alichelewa kufika. Akakuta sinia za visheti zimekwisha, zimebaki sambusa, kila moja imelazwa kwenye kitambaa cha karatasi. Alisikia wanavyosema, naye hakutaka kuonekana mshamba. Alikula sambusa mbili na karatasi zake, akatafuna kwa adabu, akasindikiza kwa maji. Alipokuwa anaaga alimpongeza Márcia kwa ubunifu ule, akasema tu, kama ushauri, kwamba zile nyeupe ni kavu kidogo.

Kambi sasa ikataka visheti kila wiki. Lakini muuzaji wa kambi lazima awe na leseni, na leseni ilikuwa kwa Senhor Hermínio, ofisa wa leseni wa wilaya.

Senhor Hermínio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Aliwapokea Chaquir na Bi Zuleica vizuri, akawapa viti, akaweka mbele yake fomu mbili, na katikati yake mfano wa bidhaa: tando kumi zilizokunjwa kwenye sahani.

"Hii ni fomu ya chakula," alisema. "Na hii ni ya vifungashio. Bidhaa yenu ni ipi?"

"Zote mbili," alisema Chaquir.

"Haiwezekani. Chakula lazima kifungwe, ndiyo sheria. Kama hiki ni chakula, kimefungwa na nini?"

"Hakifungwi. Chenyewe ndicho kinafunga."

"Basi ni kifungashio."

"Ni kifungashio. Lakini kinaliwa."

"Basi ni chakula, na chakula lazima kifungwe." Senhor Hermínio alichukua utando mmoja, akautazama kwenye mwanga, akaukunja. "Mzee wangu, mimi sikatai. Ninachouliza ni kwamba kinachofunga kinafungwa na nani? Nikikupa leseni ukaleta kingine cha kufunga hiki, na hicho nacho kinaliwa, tutakomea wapi?"

Chaquir alieleza habari ya kasa. Akaeleza glicerina, maana sasa hakuwa na siri. Senhor Hermínio alisikiliza kwa makini, akiandika, akiuliza, na mkono wake wa kushoto, kama mkono wa mtu anayewaza, ukawa unakwenda kwenye sahani na kurudi. Saa nzima ilipita. Mwishowe akaweka kalamu.

"Nitapeleka mfano huu Pemba wakatoe uamuzi," alisema, akainamia sahani.

Sahani ilikuwa tupu. Senhor Hermínio aliinua fomu moja, akatazama chini yake, akainua na ya pili. Kisha akapitisha ulimi kwenye meno yake, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Bila mfano maombi hayaendi," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Zuleica akasogeza kiti.

"Senhor Hermínio, nyanya unakula?"

"Nakula."

"Unaimenya?"

"Nyanya? Hapana."

"Na sokoni akina mama wanaouza nyanya, umewadai leseni ya ganda?"

Senhor Hermínio alifikiri. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha kanuni, akakipekua mbele na nyuma, akasoma kwa midomo bila sauti. Akakifunga. Akachukua fomu ya chakula na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: visheti, pamoja na ganda lake. Akapiga muhuri. Walipofika mlangoni akauliza kama wiki ijayo watapita tena upande ule.

Kwa miezi mitatu Chaquir alikuwa mtu mkubwa. Kisha mvua zikashuka. Asiyeujua unyevu wa pwani ile mwezi wa kwanza haelewi: chumvi inageuka maji, kiberiti hakiwaki, viatu vinaota ukungu. Chaquir alijua, maana hata kanzu zake hulegea msimu huo, lakini mtu aliyesifiwa huwa anadhani hali ya hewa nayo imesikia. Alifunga visheti mia mbili asubuhi ya mvua, akavipanga kwenye kapu, akaliweka juu ya gari la kambi. Njia ilikuwa tope, gari likakwama mara mbili. Kapu lilipofunuliwa jikoni kambini, hapakuwa na visheti mia mbili. Palikuwa na kisheti kimoja chenye umbo la kapu.

Mpishi wa kambi, Alberto, mtu wa Nampula asiyetupa kitu, alikipindua juu ya meza, akakipigapiga, akakikata vipande kwa msumeno wa mifupa na kukipeleka mezani kama keki. Wahandisi waliimaliza. Wiki iliyofuata wakataka keki ile ile, na Chaquir, ambaye jina lake lilikuwa limefika Maputo kwa ajili ya kanzu, akaambiwa na Márcia kwa upole kwamba kanzu zenyewe zisubiri kiangazi.

Safari hii kununa kwake kulichukua wiki nzima. Bi Zuleica alijaribu kumwambia kwamba hata nguo zina msimu wake. Hakusikia. Alipiga pasi kwa hasira, akaunguza kola ya imamu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Domingas alikuja Jumatatu kuchukua koti, akakuta tando zimelala kwenye sinia, laini, zinashikana.

"Mbona umezitupa huku?"

"Hazifai. Zikiona maji zinayeyuka."

"Mdomoni pia?"

"Mdomoni ndiko zinakoyeyukia upesi zaidi."

"Mzee," alisema Domingas, "zikate ndogo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Niletee kesho."

Ulikuwa msimu wa malaria, na kila siku duka la Domingas lilijaa vilio. Vidonge vilikuwa vichungu. Akina mama walivisaga, watoto wakavitema kwenye koti jeupe, Chaquir akalifua. Kesho yake alipeleka tando mwenyewe, akakaa kwenye benchi kuangalia. Mtoto wa kwanza alikuwa binti wa miaka minne, Palmira, mkali wa macho, ameshikwa mapajani na mama yake. Domingas akaweka unga wa dawa katikati ya utando, akakunja, akampa.

Palmira aliufungua. Akala utando wote, akamrudishia Domingas dawa yake.

Chaquir akanyanyuka kwenye benchi. Hasira yote ya wiki nzima ilikuwa imemtoka. Alikuwa fundi aliyeona mshono mbaya. "Hivyo hufungi, unafunika tu," alimwambia Domingas. "Lowesha kidole, pitisha ukingoni, bana. Kama pindo la kanzu." Akafunga mwenyewe, kifurushi kidogo kisicho na mlango, akakiweka kwenye kiganja cha Palmira na kikombe cha maji pembeni.

Palmira alikigeuza kutafuta pa kufungulia. Hapakuwepo. Akamtazama yule mzee, akakitia mdomoni, akanywa maji. Dawa ikaenda bila kelele, na mama yake akabaki ameshika khanga aliyoiandaa kwa ajili ya kutapikiwa.

"Kingine," alisema Palmira.

"Mpaka jioni," alisema Domingas.

Palmira alifikiri, kisha akashuka mapajani kwa mama yake, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya Chaquir, akakunja mikono.

"Nangoja," alisema.